Zabuni ya ujenzi wa umma kwa mtandao: hatua kwa hatua kwa mkandarasi anayeanza

"Nilipakia kila kitu, mbona jina langu halikusomwa siku ya ufunguzi?" "Bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote, imekuwaje nimeenguliwa?" "Mfumo uligoma zikiwa zimebaki dakika kumi, nifanyeje?" Maswali haya nayapata tena na tena kutoka kwa wakandarasi wanaoanza, na karibu kila mara anayeuliza amekwishakosa kazi. Nimeona niyaweke majibu yake mahali pamoja, kwa mpangilio utakaoufuata tangu siku unapoona tangazo.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine. Zamani ulipopeleka bahasha mkononi, karani wa mapokezi angeweza kuitazama akakuambia umesahau mhuri. Mfumo hauna jicho hilo. Unapokea ulichopakia kama kilivyo, na saa ikitimia unafunga mlango, awe amebaki mtu nje au la. Nimeona wajenzi hodari wakikosa kazi wanazoziweza vizuri kwa sababu ya tarehe moja kwenye dhamana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo madogo ya aina hiyo.

Kila mfumo una majina yake ya vitufe na mpangilio wake wa kurasa, lakini kazi yenyewe inafanana. Pale ambapo nyaraka za zabuni yako zinasema tofauti na ninachosema hapa, fuata nyaraka.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti ya kampuni iliyothibitishwa kwenye mfumo, yenye jina lililoandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili.
- Sahihi ya kielektroniki ya mtu mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni, pamoja na hati ya uwakilishi inayompa mamlaka hayo.
- Vyeti vilivyo hai: usajili wa kampuni, usajili wa ukandarasi wa daraja na fani inayotakiwa, uthibitisho wa kodi.
- Hesabu zilizokaguliwa za miaka inayoulizwa, mikataba ya kazi zilizopita na vyeti vya kukamilisha kazi hizo.
- Benki au kampuni ya bima iliyo tayari kukutolea dhamana, na inayokubalika na mnunuzi, yaani taasisi iliyotangaza zabuni.
- Kompyuta moja ya kazi hii, njia mbili tofauti za intaneti, na umeme wa akiba.
- Mtu wa pili. Aliyejaza bei asiwe yeye peke yake anayezikagua. Macho yaliyoandika kosa hulipita kosa hilo mara kumi bila kuliona.

Hatua ya 1: Kamilisha akaunti kabla hujaona tangazo

Usisubiri zabuni itangazwe ndipo ujisajili. Uthibitisho wa akaunti hufanywa na watu, na watu hao wana foleni. Cheti cha sahihi ya kielektroniki nacho kinaweza kuchukua siku kadhaa, hasa kama mwenye sahihi anatakiwa kufika mwenyewe kuthibitishwa au kupokea kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wapo wanaongoja wakitumaini mnunuzi atapokea karatasi kama zamani. Usiweke matumaini hapo. Korea Kusini ina mfumo wa kitaifa wa ununuzi kwa mtandao tangu 2002, na Umoja wa Ulaya uliufanya uwasilishaji wa kielektroniki kuwa lazima kwa wanunuzi wa umma wanaofungwa na maelekezo yake kuanzia Oktoba 2018. Karatasi zinaondoka.

Angalia tarehe ya mwisho ya cheti chako cha sahihi. Kikiisha siku mbili kabla ya zabuni kufungwa, faili utalisaini lakini mfumo utalikataa.

Na nywila ya kampuni isigawiwe ofisi nzima. Mpe kila mhusika jina lake la kuingilia kama mfumo unaruhusu. Mfanyakazi akiacha kazi, mwondoe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Soma nyaraka ukitafuta kitakachokuengua

Usomaji wa kwanza usiwe wa michoro wala wa bei. Fungua maelekezo kwa wazabuni, jedwali la taarifa za zabuni na vigezo vya tathmini, kisha andika kwenye karatasi kila sentensi yenye neno "lazima" au "itakataliwa". Hiyo ndiyo orodha yako ya ukaguzi. Kwa kila mstari andika nani atashughulikia na lini.

Vinavyotafutwa kwa kawaida ni hivi: wastani wa mapato ya mwaka ya ujenzi, idadi na ukubwa wa kazi zinazofanana ulizokwishafanya, fedha zinazopatikana haraka za kuendeshea kazi, wataalamu muhimu na uzoefu wao, mitambo. Kama kigezo kimoja cha lazima hukifikii na huwezi kukifikia kwa ubia, acha zabuni hiyo. Ninajua inauma kuiacha kazi nzuri, lakini wiki tatu za kuandaa zabuni ambayo itaenguliwa kwenye ukurasa wa kwanza ni wiki tatu ulizoinyima zabuni nyingine.

Angalia pia kama zabuni ni ya bahasha moja au mbili. Kwenye bahasha mbili, sehemu ya kiufundi hufunguliwa kwanza, na bei hufunguliwa baadaye kwa waliofaulu tu. Bei ikionekana popote kwenye sehemu ya kiufundi, hata kwenye kiambatisho cha ratiba ya matumizi ya fedha, zabuni inaweza kukataliwa hapo hapo. Kosa hili ni la kawaida mno, na mara nyingi linatokana na kunakili faili la zabuni ya zamani.

Hatua ya 3: Nenda eneo la mradi, uliza mapema, fuatilia marekebisho

Hata pale ambapo ziara ya eneo si ya lazima, nenda. Mfumo utakupa michoro, hautakuonyesha njia ya kupitisha lori la zege wala maji yanayosimama pale panapotakiwa kuchimbwa msingi. Piga picha, pima umbali wa kumwaga udongo, uliza umeme na maji ya kazi yanatoka wapi.

Maswali yote yapeleke kupitia mfumo, kabla ya siku ya mwisho ya ufafanuzi. Jibu ulilopewa kwa simu halina nguvu. Swali likiulizwa rasmi, jibu huenda kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza, na likibadilisha nyaraka hutolewa kama marekebisho. Usiogope kwamba swali lako litawasaidia wapinzani. Ukifunga utata kwa kukisia, hasara itakuwa yako mwenyewe miezi sita baadaye ukiwa kwenye mtaro.

Marekebisho ndiyo mtego. Yanaweza kutolewa zikiwa zimebaki siku chache, na ndani yake mna BOQ mpya, yaani jedwali la kazi, vipimo na bei, yenye vipimo vilivyobadilika. Taarifa ya barua pepe inaweza kupotelea kwenye taka, kwa hiyo ingia kwenye mfumo mwenyewe kila asubuhi, na mara mbili kwa siku wiki ya mwisho. Marekebisho yakitoka, futa nakala ya zamani ya BOQ kwenye folda ya kazi au iweke kwenye folda yenye jina ISITUMIKE. Mifumo mingine hukudai ubonyeze kukiri kwamba umepokea marekebisho, na mingine huirudisha zabuni uliyokwishawasilisha iwe rasimu mara marekebisho yanapotoka, nawe ukalazimika kuiwasilisha upya. Soma kanuni ya mfumo wako kuhusu hili mapema.

Hatua ya 4: Dhamana ya zabuni

Hapa nataka ukae kidogo. Kama kuna hati moja inayoua zabuni nzuri, ni hii: ahadi ya benki au bima ya kumlipa mnunuzi ukirudi nyuma kwenye zabuni yako.

Dhamana hukaguliwa kwa mambo matano: jina la mnunuzi, jina la mzabuni, kiasi, muda, na maneno ya fomu. Benki nyingi zina fomu zao, na fomu hizo wakati mwingine huweka masharti ambayo mnunuzi hayakubali. Peleka benki fomu iliyo ndani ya nyaraka za zabuni na uwaombe waitumie neno kwa neno. Kama ni ubia ambao bado haujasajiliwa kisheria, nyaraka za Benki ya Dunia, na nyingine nyingi zilizoandikwa kwa kufuata mfano huo, hutaka dhamana itaje wanachama wote wa ubia wa baadaye. Dhamana yenye jina la mwanachama mmoja tu itakuletea matatizo.

Muda uhesabu kwa kidole kwenye kalenda. Katika nyaraka za Benki ya Dunia, dhamana hutakiwa kubaki hai siku 28 baada ya uhalali wa zabuni, yaani muda ambao zabuni yako inakubana, kuisha. Tuchukue mfano. Zabuni inafungwa tarehe 10 Machi na uhalali wake ni siku 120 kuanzia hapo. Uhalali utaisha tarehe 8 Julai, na dhamana lazima iishi mpaka tarehe 5 Agosti. Ukiiambia benki "miezi minne na mwezi mmoja", wanaweza kuanza kuhesabu siku waliyoitoa dhamana, labda tarehe 1 Machi, ikaisha tarehe 1 Agosti. Umepungukiwa siku nne, na siku nne zinatosha kukuengua. Iandikie benki tarehe kamili ya mwisho, usiwaachie hesabu.

Halafu yakaja marekebisho: zabuni imesogezwa mpaka tarehe 24 Machi. Wengi hufurahia siku 14 za ziada na kusahau kwamba uhalali sasa unaisha tarehe 22 Julai na dhamana inatakiwa mpaka tarehe 19 Agosti. Rudi benki siku hiyo hiyo. Mimi huomba tangu mwanzo dhamana yenye wiki sita zaidi ya inavyotakiwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na usingizi unaoupata.

Mwisho, angalia kama mnunuzi anataka dhamana halisi ya karatasi ifike ofisini kwake pamoja na nakala iliyopakiwa. Zabuni ya mtandao inaweza kuanguka kwa sababu ya karatasi moja iliyobaki kwenye gari. Kama kinachotakiwa ni tamko la dhamana ya zabuni, yaani ahadi yako mwenyewe iliyosainiwa, na si dhamana ya benki, tumia fomu yao na lisainiwe na mwenye hati ya uwakilishi.

Hatua ya 5: Jaza BOQ

BOQ unayopewa kwenye mfumo ni fomu ya mnunuzi. Usiongeze mstari, usifute safu, usibadilishe kipimo wala maelezo ya kazi. Ukiona kipimo si sahihi, uliza kwenye ufafanuzi. Kama muda wa kuuliza umepita, weka bei kwa kipimo kilichoandikwa.

Fanya hesabu zako kwenye faili lako la pembeni: vifaa, vibarua, mitambo, mafuta, usafiri, gharama za ofisi, faida, hatari. Ukimaliza, hamishia viwango tu, yaani bei ya kipimo kimoja cha kila kazi, kwenye fomu ya mnunuzi, ukibandika thamani bila fomula. Hapa pana mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni desimali zilizofichika. Excel inaweza kukuonyesha kiwango cha 18.40 wakati ndani kimehifadhiwa 18.396. Kwa uchimbaji wa mita za ujazo 1,250, faili lako litasema 22,995.00 na mfumo ukizidisha 18.40 utasema 23,000.00. Kwenye mistari 300 ya BOQ tofauti hizi hujumlika, na bei iliyo kwenye barua ya zabuni inaacha kulingana na ya jedwali. Kata desimali za kila kiwango kwa fomula ya ROUND kabla hujahamisha.

La pili ni nukta na mkato. Kompyuta iliyowekwa kwa kanuni za nchi fulani husoma mkato kama alama ya desimali, nyingine husoma nukta. Kiwango cha 18.40 kinaweza kuingia kama 1840. Baada ya kupakia, fungua kurasa za mfumo na usome namba ulizoziona huko, siyo zile za faili lako.

La tatu ni kanuni ya kusahihisha hesabu. Kwenye nyaraka nyingi za aina ya Benki ya Dunia, kiwango na jumla ya mstari vikipingana, kiwango ndicho kinachoshinda na jumla husahihishwa, isipokuwa iwe wazi kwamba nukta ya desimali imekaa pasipo pake. Maneno na tarakimu vikipingana, maneno hushinda, isipokuwa maneno hayo yametokana na kosa la hesabu. Kwa hiyo kiwango cha 18.40 ukikiandika 14.80, jumla sahihi ya 23,000 uliyoiweka pembeni haitakuokoa: mstari utasomwa 18,500, na ukikataa marekebisho hayo unaweza kupoteza dhamana yako. Hakiki viwango kwanza, jumla baadaye.

La nne ni nafasi tupu. Mstari usiowekewa bei kwa kawaida huhesabiwa kwamba gharama yake imo kwenye viwango vingine, na hutalipwa kando kwa kazi hiyo. Kuna mifumo isiyokubali nafasi tupu kabisa. Vile viasi vya fedha ambavyo mnunuzi mwenyewe ameviweka kwa kazi zisizopimwa bado, usiviguse wala usivitolee punguzo.

Kuna kishawishi cha kupandisha sana bei za kazi za mwanzo, kama kuandaa kambi na kuchimba, na kushusha za mwisho ili upate fedha mapema. Mnunuzi akiona bei zimeegemea upande mmoja anaweza kukudai mchanganuo wa kila kiwango, na anaweza kukuongezea dhamana ya utekelezaji, ile unayoitoa ukishapata mkataba. Bei iliyo chini isivyo kawaida nayo itahojiwa. Weka mchanganuo wako wa viwango tayari kabla ya ufunguzi, maana utakapoombwa utapewa siku chache.

Hatua ya 6: Sehemu ya kiufundi

Hapa sitakaa sana. Andika namna utakavyofanya kazi hii, katika eneo hili ulilolitembelea. Maelezo yaliyonakiliwa kutoka kazi ya barabara na kubandikwa kwenye zabuni ya jengo yanatambulika haraka, hasa jina la mradi wa zamani likibaki kwenye aya ya tatu. Ratiba ya kazi ilingane na muda wa mkataba, na mitambo unayoitaja kwenye ratiba iwepo kwenye orodha ya mitambo. Wasifu wa kila mtaalamu usainiwe naye mwenyewe. Mtaalamu mmoja akionekana kwenye zabuni za kampuni mbili zinazoshindana, maswali yatakuja kwenu nyote.

Hatua ya 7: Andaa mafaili

Skani kwa nukta 200 kwa inchi. Zinatosha maandishi kusomeka, na faili halivimbi kama lingevimba kwa 600. Soma ukomo wa ukubwa wa kila faili na wa zabuni nzima. Majina ya mafaili yawe mafupi, bila alama za ajabu, yaanze na namba ya mpangilio: 01_Barua_ya_zabuni, 02_Dhamana, 03_Hati_ya_uwakilishi. Mtathmini mwenye zabuni 15 mezani anapaswa kupata cheti chako bila kukitafuta.

Usiweke nywila kwenye faili la PDF. Mfumo wenyewe ndio unaoifunga zabuni mpaka saa ya ufunguzi. Faili ambalo kamati imeshindwa kulifungua ni sawa na faili ambalo hukulileta.

Saini mwishoni kabisa. Sahihi ya kielektroniki inafunga faili kama lilivyo wakati huo, na ukibadilisha hata herufi moja baada ya kusaini, sahihi huvunjika. Kwa hiyo ukaguzi wa mtu wa pili uishe kabla ya kusaini.

Onyo ambalo wengi hawalifikirii: usimpe mtu mmoja wa nje aandae zabuni yako na ya mpinzani wako, na usiwasilishe kwa kompyuta ya kukodi wanayoitumia washindani. Faili hubeba jina la aliyeliandika, na mfumo huweka kumbukumbu ya anwani ya mtandao iliyotumika. Zabuni mbili zenye alama zile zile za kompyuta, au makosa yale yale ya tahajia, huzua tuhuma za kula njama, na adhabu yake yaweza kuwa kufungiwa zabuni kwa miaka.

Hatua ya 8: Wasilisha siku moja kabla

Panga kana kwamba zabuni inafungwa saa 24 mapema. Siku ya mwisho kila mtu anapakia, na mfumo unakuwa mzito kwa wote.

Saa inayohesabika ni ya seva ya mfumo, si ya simu yako. Na sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna hatari ya ziada: mfumo ukiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi. Mtu mmoja ofisini akitamka "saa kumi", wote wanasikia alasiri, na kufikia alasiri mlango umefungwa saa sita zilizopita. Andikeni ukutani kwa namna zote mbili.

Fuata mpangilio huu:

1. Pakia mafaili yote, kubwa kwanza.
2. Pakua kila faili kutoka kwenye mfumo, lifungue, hesabu kurasa zake.
3. Linganisha bei ya mfumo, ya barua ya zabuni na ya BOQ. Zote tatu ziwe moja mpaka senti ya mwisho.
4. Saini, kisha bonyeza kitufe cha kuwasilisha.
5. Subiri stakabadhi. Inakuwa na namba ya kumbukumbu, tarehe na saa. Mifumo mingine hukupa pia alama ya utambulisho wa faili, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Ni kama alama ya kidole: ikilingana, faili halijaguswa.
6. Toka kwenye akaunti, ingia tena, usome hali ya zabuni. Inapaswa kusomeka "imewasilishwa".

Jambo hilo la sita kwenye orodha nililipata kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo tulihangaika na zabuni ya mifereji kwa wiki nne, tukapakia usiku, ujumbe ukasema "imehifadhiwa", tukapeana mikono tukaenda kulala. Siku ya ufunguzi hatukuwemo. Tulikuwa tumehifadhi rasimu, kitufe cha kuwasilisha kilikuwa kwenye ukurasa uliofuata. Vibarua waliokuwa wanaingojea kazi ile niliwaambia mwenyewe, na nyuso zao sijazisahau.

Kabla ya muda kuisha, mifumo mingi hukuruhusu kuondoa zabuni au kuibadilisha. Ukiiondoa ili urekebishe jambo dogo, kumbuka huna zabuni yoyote mpaka uiwasilishe tena na kupata stakabadhi mpya. Kwa kosa lisilo na madhara, zikiwa zimebaki dakika 40, mimi ningeiacha ilivyo.

Hatua ya 9: Ufunguzi na siku zinazofuata

Ingia kwenye ufunguzi, hata kama ni wa mtandaoni tu. Linganisha bei iliyosomwa na ya stakabadhi yako, hakikisha dhamana yako imetajwa, pakua kumbukumbu za ufunguzi. Kosa la usomaji huwa rahisi kusahihishwa siku hiyo.

Baada ya hapo endelea kuingia kwenye mfumo kila siku. Maombi ya ufafanuzi huja na siku zake za kujibu, na ukizipitiliza unaweza kuenguliwa. Jibu ulichoulizwa. Huruhusiwi kubadilisha bei wala kiini cha ulichotoa, isipokuwa kukubali marekebisho ya hesabu. Ukiombwa kuongeza muda wa uhalali wa zabuni, unaweza kukataa bila kupoteza dhamana. Ukikubali, ongeza muda wa dhamana vilevile.

Mambo yakikwama

Faili linagoma kupakiwa. Angalia ukubwa, aina ya faili na urefu wa jina. Jaribu kivinjari kingine kati ya vile vinavyotajwa na mfumo. Ukiligawa, andika sehemu 1 ya 2, sehemu 2 ya 2.

Sahihi inakataliwa. Sababu huwa tatu: cheti kimeisha muda, jina kwenye cheti halilingani na la akaunti, au programu ya kifaa cha sahihi haijasasishwa. Zote zinaonekana mapema ukijaribu kusaini faili la majaribio wiki moja kabla.

Intaneti imekatika katikati ya kupakia. Hamia njia ya pili, ingia, angalia kilichofika. Usidhani faili limefika nzima, lipakue ulifungue.

Mfumo wenyewe umeanguka. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kosa na saa. Toa taarifa kwa dawati la msaada na kwa mnunuzi papo hapo, kabla muda haujaisha, kwa njia iliyotajwa kwenye nyaraka, na utunze namba ya taarifa hiyo. Kumbukumbu za seva zikithibitisha hitilafu ilikuwa upande wao, mnunuzi ana sababu ya kusogeza muda. Hitilafu ya kompyuta yako au mtandao wako haitahesabika. Usitume zabuni kwa barua pepe kama njia mbadala, labda nyaraka ziwe zimeiruhusu waziwazi, kwa sababu utakuwa umefichua bei yako bila kupata zabuni halali.

Umegundua kosa baada ya muda kufungwa. Huwezi kuligusa tena. Ukijaribu kuiondoa zabuni katika kipindi cha uhalali, dhamana inaweza kuchukuliwa. Pima ukubwa wa kosa kwa utulivu, andaa maelezo ya kweli, na ungoje uulizwe.

Umeenguliwa na hukubaliani. Omba sababu kwa maandishi mara moja. Pale penye kipindi cha kusubiri kati ya taarifa ya kusudio la kumpa mshindi na kusaini mkataba, siku za kulalamika zinahesabiwa tangu siku taarifa ilipoingia kwenye mfumo, hata kama wewe umeisoma baadaye. Ambatisha stakabadhi ya uwasilishaji, ukurasa wa nyaraka wenye kigezo kinachobishaniwa, na ukurasa wa zabuni yako unaokijibu. Kurasa hizo tatu zitabeba hoja yako kuliko barua ndefu.